Rimoti ya "TV zote": madai ya soko, mipaka yake, na njia ya kuchagua mbadala

Televisheni nyingi za sasa zina kitufe kimoja tu mwilini, tena kimefichwa chini ya nembo au nyuma ya kioo. Rimoti yake ikifa, kutafuta chaneli, kuhamia kwenye king'amuzi kilichochomekwa HDMI ya pili na kurekebisha picha, vyote hufungiwa ndani. Mwenye nyumba anakwenda dukani, na huko anapokelewa na ushauri unaogongana. Muuzaji mmoja anampa rimoti ya "TV zote". Mwingine anasisitiza achukue "orijino". Fundi anamwambia atafute ya kujifunza, ile ambayo wengi huiita ya kukopi. Vijana wa nyumbani wanasema simu inatosha. Kila ushauri una ukweli wake, na mkanganyiko unazaliwa hapo hapo. Mtu ananunua rimoti ya kwanza, inawasha na kuzima tu. Ananunua ya pili, inapandisha sauti lakini menyu haifunguki. Ya tatu inafanya kila kitu mpaka siku betri zinapobadilishwa, inasahau yote.

Tatizo hili limekuwa zito zaidi Afrika Mashariki tangu matangazo ya analojia yazimwe, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Nairobi Februari 2015. Kabla ya hapo rimoti moja ilitosheleza nyumba nyingi. Sasa meza ya sebuleni ina rimoti ya televisheni, ya king'amuzi, na mara nyingi ya sabufa, na kila moja huanguka, humwagikiwa chai na kuchoka kwa wakati wake. Hoja ninayoitetea katika uchambuzi huu ni kwamba rimoti mbadala ipimwe kwa mambo mawili: imepata wapi maarifa yake, na inayatunza vipi. Wingi wa chapa zilizoorodheshwa kwenye pakiti ni kipimo dhaifu, na nembo iliyochapwa kwenye plastiki ni dhaifu zaidi. Kwa nyumba nyingi kinga bora ni rimoti iliyojifunza moja kwa moja kutoka kwa ile ya awali ingali hai. Desturi ya kungoja mpaka rimoti ife ndipo mbadala itafutwe ndiyo inayotutoa pesa mara tatu.

Televisheni inasikia nini

Kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya waya mwaka 1950, ikafuata ya tochi mwaka 1955, kisha mwaka 1956 ikaja iliyobuniwa na Robert Adler, iliyotumia sauti ya juu isiyosikika na binadamu. Mwanga wa infraredi ulichukua nafasi hiyo baadaye na bado unatawala. Kwenye pua ya rimoti kuna LED ndogo inayotoa mwanga usioonekana, kwa kawaida wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940. Ukibonyeza kitufe, mwanga huo huwaka na kuzimika karibu mara 38,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayoliwezesha pokezi la televisheni kuutenga na mwanga wa jua unaoingia dirishani, ambao nao umejaa infraredi. Ujumbe wenyewe huandikwa juu ya mdundo huo, kwa kupishanisha vipande vya mwanga na giza vya urefu tofauti.

Ugumu unaanzia hapa, kwa sababu kila ukoo wa watengenezaji uliandika ujumbe huo kwa mtindo wake. Mtindo wa kampuni ya NEC ya Japani, ambao vifaa vingi vya bei nafuu huufuata au huuiga, huanza na milisekunde 9 za mwanga na 4.5 za giza. Baada ya hapo hufuata biti 32: anwani ya kifaa, kinyume cha anwani hiyo, namba ya amri, kisha kinyume cha namba hiyo, ili televisheni iweze kuhakiki kwamba haikusikia vibaya. Samsung hutumia mtindo unaofanana na huo lakini huanza na milisekunde 4.5 za mwanga na 4.5 za giza. Philips ilibuni RC-5, wenye mdundo wa mara 36,000 kwa sekunde, anwani 32 na amri 64. Sony inapiga mara 40,000 kwa sekunde, na ujumbe wake una biti 12, 15 au 20. Televisheni ya mtindo mmoja ikiangaziwa na rimoti ya mtindo mwingine haikosei amri. Haisikii chochote kabisa.

Hata ndani ya mtindo mmoja bado kuna milango miwili ya kupita. Anwani lazima iwe ya televisheni hiyo, na kila kitufe lazima kitoe namba ya amri ambayo televisheni hiyo inaijua. Rimoti inaweza kuvuka mlango wa kwanza na kuvuka nusu tu ya wa pili, ndiyo sababu inawasha, inazima, inaongeza sauti, halafu mshale wa kulia unafungua kitu kisichohusiana, na menyu inagoma. Muuzaji akikuonyesha kwamba televisheni imezimika mbele yako, amethibitisha amri moja. Nyingine zote bado hazijajaribiwa.

Nembo ya mbele na bodi ya ndani

Swali la kwanza dukani huwa "TV yako ni ya kampuni gani?" Ni swali la haki, lakini kwa soko letu jibu lake halitoshi. Televisheni nyingi za bei ya chini zinazouzwa Tanzania, Kenya na Uganda zimejengwa juu ya bodi za jumla kutoka China, ambazo waagizaji mbalimbali huzibandika majina yao. Jina moja linaweza kubeba bodi ya aina fulani katika shehena ya mwaka huu na ya aina nyingine katika shehena ya mwaka ujao. Upande wa pili, majina mawili yasiyojuana yanaweza kuwa na bodi ileile na kuitikia rimoti ileile. Hata kampuni kubwa zenye bodi zao hubadilisha rimoti kati ya modeli za zamani na za sasa, au kati ya televisheni ya kawaida na ile ya intaneti.

Kisha kuna kazi ya mafundi wetu. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, bodi kuu huungua, na bodi halisi ya modeli ile huwa haipatikani au inagharimu karibu na bei ya televisheni. Fundi hodari hufunga bodi ya jumla, huipakia programu inayolingana na kioo kwa kutumia flashi, na televisheni inafufuka. Ni ufundi wa kuheshimiwa, umeokoa maelfu ya vifaa visitupwe. Lakini tangu siku hiyo televisheni yenye nembo ya Samsung au LG mbele haiitikii tena rimoti ya Samsung wala ya LG, kwa sababu kinachosikia ni bodi iliyowekwa. Bodi hizo huja na rimoti yake, na rimoti hiyo ikipotea miaka miwili baadaye, hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kilichofanyika. Mnunuzi anataja nembo, muuzaji anatoa rimoti ya nembo, na wote wawili wanashangaa.

Kwa hiyo maswali yenye manufaa ni mengine. Je, televisheni hii imewahi kubadilishwa bodi? Namba kamili ya modeli iliyo kwenye karatasi ya nyuma ni ipi? Rimoti ya awali ina namba gani, maana mara nyingi huandikwa chini au ndani ya kifuniko cha betri? Na kabla ya yote hayo, ni kweli kwamba rimoti ndiyo iliyokufa? Ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Kamera nyingi, hasa za mbele, huona infraredi kama nuru ya zambarau au nyeupe. Nuru ikionekana kwa vitufe vingine na isionekane kwa vingine, tatizo ni mpira wa vitufe au uchafu kwenye sakiti, na pamba yenye spiriti inaweza kumaliza kazi. Isipoonekana kabisa, angalia kutu kwenye springi za betri kabla ya kufungua pochi. Ikionekana vizuri na televisheni imenyamaza, basi huenda pokezi la televisheni ndilo lenye ugonjwa, na kama ndivyo hakuna rimoti mpya itakayolitibu.

Rimoti ya mfano uleule

Wanaotetea "orijino" wana hoja nzito. Rimoti iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli ileile haihitaji kuprogramiwa, na vitufe vyake vyote vina maana. Mzee wa nyumba anaikuta kila alama mahali alipoizoea. Wala haina kumbukumbu ya kupotea, kwa sababu maarifa yake yamechomwa ndani ya chipu kiwandani. Betri zikitolewa mwaka mzima, zikirudishwa itafanya kazi. Kwa kipimo nilichokitaja, cha chanzo cha maarifa na utunzaji wake, hii inashinda.

Udhaifu wake uko katika upatikanaji na ukweli wa jina. Nyingi zinazoitwa orijino ni nakala za viwanda vingine. Zipo zinazosema waziwazi kwamba zimetengenezwa "kwa ajili ya" chapa fulani, na hizo ni bidhaa halali zinazoweza kuwa nzuri sana. Zipo pia zinazobandikwa nembo ya kampuni bila idhini, na hiyo ni bidhaa bandia inayopaswa kushughulikiwa na vyombo kama Tume ya Ushindani Tanzania na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia Kenya. Mnunuzi asichanganye mambo haya mawili. Kinachomhusu kwanza ni kama namba ya rimoti inalingana na ile ya zamani, na kama mpangilio wa vitufe ni uleule, hasa safu za chini ambako watengenezaji hubadilisha mambo. Kwa televisheni zenye majina ya waagizaji wadogo rimoti ya mfano uleule huenda isipatikane kabisa baada ya shehena kuisha. Na kwa televisheni iliyobadilishwa bodi, kuisaka rimoti ya nembo ni kutafuta kitu ambacho kikipatikana hakitafanya kazi.

Rimoti ya misimbo

Hii ndiyo inayouzwa zaidi kwa jina la "TV zote". Ndani yake kuna maktaba ya misimbo ya chapa nyingi, na kuiprogramu ni kuchagua ukurasa mmoja wa maktaba hiyo. Kwa kawaida unabonyeza na kushikilia kitufe cha kuseti mpaka taa iwake, kisha unaandika namba ya tarakimu tatu au nne kutoka kwenye kikaratasi. Nyingine zina utafutaji wa peke yake: unaielekeza kwenye televisheni, inatuma amri ya kuzima au ya sauti kutoka ukurasa mmoja baada ya mwingine, na televisheni ikiitikia unabonyeza kitufe kuifunga pale. Nguvu yake ni kwamba haidai rimoti ya zamani. Iliyopotea sokoni, iliyotafunwa na mbwa, iliyobaki nyumba ya kupanga, zote zinaweza kupata mbadala, na kwa bei ndogo.

Watetezi wake husema maktaba ikiwa kubwa vya kutosha hakuna televisheni itakayoshindikana. Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Maktaba ya rimoti ya bei nafuu huganda siku ilipotoka kiwandani, haiongezewi televisheni zilizokuja baadaye. Tena imejengwa juu ya majina ya chapa, na tumeona kwamba majina hayo hayalingani na bodi. Zaidi ya hapo, kuongeza kurasa hakuongezi vitufe. Rimoti yenye vitufe 40 inapaswa kuwakilisha televisheni yenye kazi ambazo hazimo kwenye vitufe hivyo, na cha kwanza kukosekana mara nyingi ni kile cha kuhamia chanzo kingine au cha kutafuta chaneli, yaani vile ambavyo mwenye king'amuzi anavihitaji zaidi.

Utafutaji wa peke yake una mtego wa ziada unaowakamata wengi. Chapa moja huwa na kurasa kadhaa katika maktaba, na kurasa hizo hushirikiana katika amri ya kuwasha na kuzima. Ukisimama kwenye ukurasa wa kwanza uliozima televisheni, huenda umesimama kwenye ukurasa wa modeli jirani. Dawa ni kutofunga haraka: washa tena, jaribu sauti, menyu, mishale yote minne, kurudi nyuma, na kubadili chanzo, na kimoja kikikataa endelea kutafuta. Wengi hawaambiwi hivyo, wanarudi dukani kulalamika kwamba rimoti ni mbovu wakati ukurasa sahihi ulikuwa hatua tatu mbele.

Kuhusu kusahau, sababu yake ni ya kiufundi na haina fumbo. Rimoti za bei ya chini kabisa huhifadhi namba ya ukurasa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Betri zikitoka, umeme mdogo uliobaki kwenye sakiti huilinda kwa muda mfupi, kisha kila kitu hufutika. Zile bora zaidi hutumia kumbukumbu isiyotegemea betri. Tofauti hii haiandikwi kwenye pakiti, lakini inapimika pale pale dukani: programu rimoti, toa betri, bonyeza vitufe kadhaa ili kumaliza umeme uliobaki, subiri dakika kadhaa, rudisha. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshakujibu.

Rimoti inayojifunza

Wazo la rimoti inayosikiliza rimoti nyingine lina umri mrefu. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alianzisha kampuni ya CL 9 na mwaka 1987 ikatoa CORE, rimoti iliyonakili amri za rimoti nyingine na kuzipanga upya kwenye vitufe vyake. Ilikuwa ghali na ngumu kutumia, ikashindwa sokoni. Leo kazi hiyohiyo inafanywa na vifaa vidogo vya Kichina, kama vile vya kampuni ya Chunghop, na utaratibu wake ni mfupi. Unaziweka rimoti mbili pua kwa pua, sentimita chache kati yao. Unaiweka mpya katika hali ya kujifunza, unachagua kitufe chake, kisha unabonyeza kitufe cha rimoti ya zamani mpaka taa ithibitishe. Unarudia kitufe kwa kitufe.

Uzito wa njia hii ni kwamba haijali jina lolote. Rimoti inayojifunza haiulizi kama televisheni ni ya Kikorea au ya mwagizaji wa mtaani, kama bodi ni ya kwanza au ya tatu. Inachukua mwanga ule ambao televisheni imekwisha kuukubali, basi. Pia inaruhusu kupanga mambo kwa namna ya nyumba husika: vitufe vya sauti vikaongoza sabufa, vya namba vikaongoza king'amuzi, na cha kuzima kikabaki cha televisheni. Rimoti tatu zinakuwa moja, na hapo gharama ya kuinunua inaanza kuonekana ndogo. Kwa mtu asiyeona vizuri au mwenye mikono inayotetemeka, rimoti yenye vitufe vinne vikubwa vilivyofundishwa mambo manne anayoyahitaji ina thamani kuliko orijino yenye vitufe 50.

Na wengi tayari wanayo bila kujua. Rimoti nyingi za ving'amuzi na za masanduku ya Android kutoka China zina kona iliyozungushiwa mstari, yenye vitufe vinne au vitano na kimoja kilichoandikwa SET. Hivyo ni vitufe vya kujifunza. Vinaweza kunakili kuwasha, sauti juu, sauti chini na kubadili chanzo kutoka kwenye rimoti ya televisheni, bila kununua chochote. Kwa miaka mingi vimekaa bila kazi kwa sababu kikaratasi cha maelekezo kilitupwa pamoja na boksi.

Udhaifu upo, na usifichwe. Kujifunza kunaharibiwa na jua kali pamoja na baadhi ya taa za mirija za kuokoa umeme ambazo hupepesa kwa kasi inayokaribiana na ya rimoti, hivyo kazi ifanywe kivulini, taa zimezimwa. Kubonyeza kwa muda mrefu mno kunaweza kufanya rimoti mpya inakili marudio ya amri badala ya amri yenyewe. Mtindo wa RC-5 una shida ya pekee: kila ubonyezaji mpya hubadilisha biti moja, ili televisheni ijue kama umebonyeza mara ya pili au umeshikilia tu. Rimoti rahisi inayonakili mwanga kama ulivyo hunakili biti hiyo ikiwa imeganda, na matokeo yake ukitaka chaneli ya 11 televisheni inasikia 1 moja tu. Kubonyeza kitufe kingine katikati hutatua, lakini ni usumbufu wa kweli kwa wenye vifaa vya mtindo huo.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba njia hii inadai rimoti ya zamani iliyo hai, na watu hutafuta mbadala pale tu ambapo haipo. Pingamizi hilo ni la kweli, ila linahukumu zaidi muda wa kununua kuliko kifaa chenyewe. Hata aliyechelewa hajakosa njia yote. Jirani mwenye televisheni ya modeli ileile, au fundi aliyefunga bodi na ambaye hubaki na rimoti za bodi hizo, anaweza kuazimisha kwa robo saa. Rimoti ambayo nusu ya vitufe vyake imekufa bado inaweza kufundisha nusu iliyobaki, na ikifunguliwa, ncha ya risasi ya penseli iliyolazwa juu ya pedi za sakiti huweza kuamsha vitufe ambavyo mpira wake umechoka, kwa muda wa kutosha kunakiliwa.

Simu, Wi-Fi na kompyuta

Simu zenye LED ya infraredi, kama nyingi za Xiaomi na baadhi za Infinix na Tecno, zinaweza kuongoza televisheni kwa programu yenye maktaba ya misimbo. Faida yake juu ya rimoti ya misimbo ni kwamba maktaba husasishwa kupitia intaneti. Hasara ni kwamba simu nyingi za aina hii hutuma tu na hazipokei, kwa hiyo hazijifunzi. Pia huondoka nyumbani pamoja na mwenyewe, na watoto wakabaki na televisheni isiyoongozeka. Programu za Wi-Fi za kampuni za televisheni ni nzuri, lakini zinadai televisheni na simu ziwe kwenye mtandao mmoja, na kuiunganisha televisheni kwenye mtandao mara ya kwanza kunahitaji rimoti. Katika mkwamo huo, kipanya cha kompyuta kilichochomekwa kwenye USB ya televisheni ya Android mara nyingi hufungua mlango.

Kuna pia ngazi ya wapenzi wa ufundi. Nchini Marekani watumiaji waligundua kwamba rimoti nyingi za kampuni ya Universal Electronics, zikiwemo za One For All, zina pini sita ndani ya sehemu ya betri, zilizoitwa JP1. Kwa waya maalumu na programu za bure, wakawa wanaandika upya kila kitufe kutoka kwenye kompyuta na kuhifadhi nakala ya kazi yao. Logitech ilikwenda njia nyingine kwa rimoti zake za Harmony: mipangilio ilitegemea akaunti na seva za kampuni. Ilikuwa raha kubwa kuitumia. Lakini toleo la Harmony Express, lililotoka mwaka 2019, lilizimwa na kampuni Septemba 2020, na Aprili 2021 Logitech ikatangaza kuacha kutengeneza rimoti za Harmony. Tofauti kati ya JP1 na Harmony Express ndiyo hoja yangu kwa kipimo kikubwa: maarifa yaliyo mikononi mwa mwenye kifaa yanadumu, yaliyo kwenye seva ya mbali yanadumu kwa hiari ya mwenye seva.

Bluetooth na mpaka wa kunakili

Yote niliyoyasema kuhusu kujifunza yanahusu infraredi. Televisheni mpya za Samsung na LG, na nyingi za Android, zina rimoti zinazotumia Bluetooth au redio kwa maikrofoni na kwa kielekezi cha kwenye kioo. Rimoti ya kujifunza haiwezi kunakili hayo, kwa kuwa huo si mwanga na mawasiliano yake hufungwa kwa kuoanisha vifaa viwili. Wengine huhitimisha kwamba kujifunza kumepitwa na wakati. Hitimisho hilo linakwenda mbali mno. Televisheni nyingi za aina hiyo zimebakiza pokezi la infraredi kwa kuwasha, sauti, mishale na menyu, kwa hiyo mambo ya lazima bado yananakilika hata kama maikrofoni haitafuata. Palipo na ukuta kamili ni kwenye vijiti vya HDMI kama Fire TV Stick, visivyo na pokezi la infraredi. Kwa vijiti hivyo, rimoti mbadala lazima iwe ya modeli ileile au inayotambuliwa navyo kwa kuoanishwa.

Mizani

Nikiziweka njia hizi pamoja, naona mpangilio tofauti na ule wa matangazo ya dukani. Mwenye rimoti inayofanya kazi leo ana nafasi ambayo hatakuwa nayo ikishakufa: afundishe kona ya vitufe vya king'amuzi jioni moja, au anunue rimoti ya kujifunza na kunakili yote, kisha aiweke kabatini bila betri ikiwa amehakikisha kumbukumbu yake haitegemei betri. Aandike pia namba ya rimoti na ya modeli mahali panapoonekana, na kama bodi imebadilishwa, fundi aandike hivyo nyuma ya televisheni. Mafundi wangeweza kuifanya hii kuwa sehemu ya kazi yao. Haichukui dakika mbili, na ingeokoa wateja wao gharama nyingi.

Aliyekwisha kupoteza rimoti aanze na ya mfano uleule kama bodi ni ya awali na namba inajulikana. Ikikosekana, aazime rimoti ya kufundishia kabla ya kununua maktaba ya misimbo. Rimoti ya "TV zote" ibaki njia ya tatu, inunuliwe mahali panaporuhusu kujaribu vitufe vyote na jaribio la betri, ikiwezekana televisheni ikiwepo au mkataba wa kurudisha ukikubaliwa kwa maneno yaliyo wazi. Simu ni msaada wa dharura. Wenye maduka nao wana sehemu yao: muuzaji akiuliza historia ya bodi na namba ya modeli kabla ya kuuliza nembo, atarudishiwa rimoti chache zaidi, na mteja wake hatalazimika kununua ya tatu.